GPS Ikivurugwa Baharini au Angani: Anzeni na Antena

Mawimbi ya GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, na yakitufikia ni dhaifu kuliko hata kelele ya kawaida ya redio. Ndiyo maana kidude cha wati moja kinaweza kuyafunika katika eneo kubwa. Meli za kivita na ndege za jeshi zina misimbo ya siri, na nyingine zina antena ya vipokeo saba inayoweza kuziba pande sita kwa mpigo. Meli inayopakia korosho bandarini Mtwara haina hayo, lakini kanuni ni ileile: izibe antena isisikie upande wa mvurugaji, iachie anga.

Mvurugaji huwa usawa wa upeo. Setilaiti ziko juu. Kwa hiyo kuipachika antena kwenye ncha ya mlingoti mrefu kuliko yote hakusaidii: huko inasikia kila kitu pande zote, na chombo kikiyumba nayo inayumba. Bora ziwe mbili, moja mbele na moja nyuma, jengo la chombo likizitenganisha. Moja ikielekea kwa mvurugaji, nyingine huenda ikapata kivuli. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Zikiwa zimeachana mita 40 na zote mbili zikaonyesha nukta ileile ramanini, basi mnadanganywa: kuna mtu anatuma mawimbi bandia kutoka sehemu moja.

Kabla ya kumtafuta adui wa nje, kagueni chombo chenu. Mwaka 2001 huko Moss Landing, California, GPS ilikufa bandari nzima kwa sababu ya antena za televisheni zenye vikuza mawimbi kwenye boti. Taa za LED za bei poa na chaja mbovu nazo zina vituko vyake. Zimeni kimoja kimoja huku mkitazama ukurasa wa nguvu za setilaiti: kwa kawaida zilizo juu husoma 40 hadi 50. Zote zikishuka kwa pamoja, huo ni uvurugaji. Zote zikiwa na nguvu sawasawa kupita kiasi, shukuni udanganyifu. Antena ya GPS ikae mita 3 au zaidi mbali na ile ya simu ya setilaiti, nje ya mwale wa rada, na viungio vya waya vizibwe vizuri, maana chumvi ikiingia dalili hufanana na za uvurugaji.

Muuzaji akisema kifaa kinapokea mifumo minne ya setilaiti, muulize ni masafa gani. GPS na Galileo, mfumo wa Ulaya, zinatumia pamoja megahezi 1575.42, hivyo anayeyavuruga hayo amezipiga zote mbili. Lipeni zaidi kwa kifaa kinachopokea pia 1176.45.

GPS ikipotea, nahodha abadili ramani ya kielektroniki isome dira ya jairo (isiyotumia sumaku) na kipima mwendo. Kwa noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, dakika 6 ni maili moja ya baharini. Usisahau mkondo: kwenye mwambao huu unasukuma kaskazini, na wakati wa kusi una nguvu zaidi. Mkondo wa noti 2 unakusogeza maili nzima kwa nusu saa. Pima umbali kwa rada hadi sehemu mbili au tatu za nchi kavu, kwa sababu umbali wa rada ni sahihi kuliko uelekeo wake. Chagua rasi yenye mwamba. Ukingo wa mikoko hudanganya, hasa maji ya bamvua yanapokupwa na tope kubaki wazi. Kina nacho ni shahidi mzuri, maana Kusini huku kinaporomoka karibu na nchi kavu. Na redio ya VHF muiandikie mahali mlipo kwa mkono, la sivyo kitufe cha dharura kitatangaza mahali pa uongo.

Ndege hupata shida zaidi. Ikiwa futi 10,000 juu, inaonana kwa redio na kitu kilicho chini hadi maili 120 hivi za baharini, ilhali upeo wa antena iliyo mita 10 juu ya maji ni kilomita 13 tu. Rubani anayejua anaingia eneo la uvurugaji aangalie utaratibu wa ndege yake wa kuizuia GPS isirekebishe mfumo wa ndani wa mwendo, ambao huweza kupotoka maili 2 kwa saa. Kosa hilo linabebeka, GPS ya uongo haibebeki. GPS ya uongo inaweza hata kulifanya onyo la kukaribia ardhi lilie juu ya bahari tupu. Ndege ndogo ya kwenda kisiwa cha Songo Songo haina mfumo wa ndani wa mwendo: dira, saa, ramani na ukingo wa pwani vinatosha hali ya hewa ikiwa safi.

GPS ikirudi msiiamini papo hapo. Linganisheni kwanza na rada, kisha tazameni tarehe na saa yake. Ikiwa imekwama, izimeni, muiwashe upya, na muipe robo saa bila kuigusa: kuzipokea taarifa zote za setilaiti upya huchukua dakika 12 na nusu.