Mwanangu, babu yako alikuwa askari wa keya

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kweli babu yako, askari wa keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipigana Bama, nchi iitwayo leo Myanmar, katika Vita Kuu ya Pili, na kama ni sawa uandike habari zake na za kaka yake ili ukoo mzima usome.

Bama alifika. Baba hakupenda kusimulia vita, ila usiku wa mvua kubwa alikuwa akitaja matope ya Kabaw na mto uitwao Chindwin. Udogoni niliyasikia kama majina ya hadithi. Ukubwani nikasoma kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua, ikauvuka Chindwin mwezi Desemba. Nililia, maana baba alikuwa amekwisha kufa, na mimi sikuwahi kumwuliza hata swali moja.

Ya kaka yake ndiyo magumu. Wengi kwetu husema naye alifia Bama, lakini bibi yangu alikuwa akisema, "Mwanangu alimezwa na maji." Alikuwa wa kikosi cha mizinga, akapandia meli Mombasa. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldivi, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mimi moyo wangu unamwona humo. Wewe usiandike hivyo mpaka ulione jina lake. Andika maneno ya bibi jinsi alivyoyasema, na useme ni ya bibi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, na kuitafuta kwenye intaneti ni bure. Jaribu jina kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, maana makarani waliandika walivyosikia. Namba ya jeshi ndiyo haipotoshi. Ya babu yako imo kwenye kitabu chake cha kuachishwa jeshi, ndani ya sanduku la bati. Kipige picha ukurasa kwa ukurasa, wala usijaribu kukibandika palipochanika. Ya kaka yake hatuna, labda iwe kwenye barua anazoziweka mama yako mkubwa, binti wa huyo kaka.

Na hapo ndipo jibu langu la pili lilipo. Mama yako mkubwa alizaliwa baba yake akiwa ameshaondoka. Sisi tunatafuta habari za ukoo. Yeye anamtafuta baba. Asije akazikuta kwenye simu ya mjukuu kabla hajasomewa. Akikataa jambo lisitoke, litabaki ndani, na mimi nitasimama naye.

Njoo Jumamosi twende kwake. Kaa kuliani kwake, sikio la kushoto halisikii tena, na umwache aanze mwenyewe.

Mama yako