Land Cruiser ya zamani ya kuvutia tela: nikague nini?

SWALI: Nimepata Land Cruiser pikapu ya 2004, injini 1HZ, rangi bado inang'aa. Itavuta tela la ng'ombe, tani 2 hivi. Ninunue? – Msomaji, Moshi

JIBU: Rangi achana nayo. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta kisha uwashe: mapovu yasiyokoma au utando wa oili ni dalili ya gasketi ya hedi iliyoungua au silinda hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka, na hapo bei yote inabadilika. Kama mtu amefunga turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), mwachie gari lake. 1HZ haikuundwa nayo. Mlimani na mzigo, joto huimaliza hedi.

Mkanda wa taimingi, unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Hakuna risiti? Hesabu gharama ya mpya. Ukikatika, vali na pistoni hugongana.

Lala chini ukague chesisi zinaposhikia springi za nyuma na ndoano ya tela: kutu, nyufa, alama za kuchomelea. Halafu panda mlima kwa gia ya nne. Injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha.

Na tela lenyewe liwe na breki zake. Lisilo na breki lisizidi kilo 750, mzigo ukiwemo.