"Usafiri wa anga": ndege au roketi?

SWALI: Natafsiri habari za sayansi. Juzi niliandika: "Kampuni binafsi za usafiri wa anga zinataka kupeleka wanadamu Mirihini." Mwenzangu akasema sentensi ina makosa mawili, ila hakunieleza ni yapi. Naomba unisaidie.

JIBU: Mwenzako ana hoja, ingawa la kwanza mimi ningeliita utata. Msomaji wa Kiswahili akikutana na "usafiri wa anga" anawaza ndege, tiketi na viwanja vya ndege. Maneno hayo yana mwenyewe tayari, na yamo hata katika majina ya mamlaka zinazosimamia safari za ndege. Kwa hiyo mpaka afike neno lako la mwisho, msomaji anadhani unamweleza habari za mashirika ya ndege. Akifika hapo anashtuka, anarudi mwanzo kusoma upya.

Andika "safari za anga za juu". Anga peke yake ni pale panapoelea mawingu na kuruka tai. Ndege ya abiria hupaa kilomita 10 au 12 hivi, ilhali mpaka unaotajwa sana kuwa mwanzo wa anga za juu uko kilomita 100 kutoka usawa wa bahari. Wako wanaosema "anga za mbali". Silikatai, lakini naliwekea akiba safari zinazoiacha dunia kabisa. Septemba 2021 watu wanne, hata mmoja wao hakuwa mwanaanga wa serikali, waliizunguka dunia kwa siku tatu ndani ya chombo cha kampuni binafsi ya SpaceX, kwenye kimo cha kilomita zipatazo 585. Walikuwa anga za juu, naam. Mbali, bado.

"Mirihini" ni kosa hasa, na naelewa lilikotoka: kama tunasema duniani na mwezini, kwa nini tusiseme Mirihini? Kwa sababu -ni hupachikwa kwenye nomino za kawaida, kama soko, mto na nyumba. Jina la pekee la mahali kwa kawaida halikihitaji kiambishi hicho. Hatusemi tunakwenda "Ulayani". Dunia na mwezi tumeyazoea kama majina ya pekee, lakini ni nomino za kawaida. Mwezi una hata wingi: Mirihi yenyewe ina miezi miwili, Phobos na Deimos. (Hapo nawe mfasiri uwe macho. "Safari ni ya miezi saba kwenda kwenye sayari yenye miezi miwili" itamchanganya mtu; ongeza "inayoizunguka".) Jua nalo lina mtego wake, maana juani ni mahali pa kuanika nguo. Chombo kinachoielekea nyota hiyo, sema kinalikaribia Jua.

Tazama pia Zuhura, ambalo ni jina la sayari na la watu. "Kimekwenda Zuhura" ni chombo kilichoiendea sayari. "Amekwenda kwa Zuhura" ni mtu aliyemtembelea dada mwenye jina hilo. Kazi yote imefanywa na "kwa", wala -ni haikuhitajika popote.

Nimefurahi kwamba hukuandika Mars. Mirihi, Zuhura, Mshtarii na Zohali ni majina tuliyo nayo tangu zamani, na habari hizi za kampuni na roketi zake ndizo zinazotupa nafasi ya kuyatumia kila wiki. Ukihofia kwamba msomaji halijui, andika "sayari ya Mirihi" mara ya kwanza, kisha endelea na Mirihi tu.

Sentensi yako basi iwe: "Kampuni binafsi za safari za anga za juu zinataka kupeleka wanadamu Mirihi." Hilo "kupeleka" usiliguse. Nasoma mara nyingi kwamba wanaanga "watarushwa" Mirihi. Roketi hurushwa, satelaiti hurushwa. Lakini mtu akirushwa, picha inayonijia ni ya mtu aliyetupwa.