Bedford ya dizeli iliyolala Malindi miaka kumi: usiivute na trekta

Ndugu, umeuliza kama lori la marehemu baba linaweza kuvutwa liwake, kisha uliuze. Usilivute. Pete za pistoni huenda zimeshikana na kutu; ukilazimisha, zinakatika.

Toa nozeli zote zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, mimina vijiko viwili vya oili nyepesi kila silinda, acha siku mbili. Kisha zungusha injini kwa mkono, spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikigoma, ongeza oili na subira, si urefu wa bomba la kuongeza mpini wa spana. Fungua na kifuniko cha juu utazame valvu: iliyonasa haipandi na wenzake.

Mwaga dizeli yote kuukuu. Chini ya tangi utakuta maji na ute mweusi, na huo ndio unaoua pampu. Weka filta na oili mpya, toa hewa kwenye mipira ya dizeli. Siku ya kuwasha, mtu asimame na ubao mdomoni mwa bomba linaloingiza hewa kwenye injini, tayari kuliziba: pampu iliyonata hukimbiza injini mpaka ipasuke, na swichi haiizimi.

Breki zifunguliwe na kukaguliwa magurudumu yote kabla halijatoka uani.

Hewa ya chumvi hula chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori, kwa ndani. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

Rangi mpya usipake, mnunuzi atadhani unaficha kutu. Na logibuku, hati ya umiliki wa lori, ikiwa bado ina jina la marehemu, anza na mirathi mahakamani. Bila hiyo utauza vyuma chakavu kwa kilo.