Nembo ya Mtungini

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: "Makumbusho yakibisha hodi kwenu na kuomba kitu kimoja, utawapa nini, na kwa nini?" Mimi nitawapa mtungi wa bibi yangu. Uko Newala, mkoani Mtwara, chumbani kwake, nyuma ya mlango. Umechimbiwa kidogo mchangani ili usiyumbe, umefunikwa sahani ya bati, na juu ya sahani kuna kikombe. Una maji mpaka leo. Nitautoa kwa sharti moja tu: kwenye kikaratasi cha maelezo waandike jina la mwanamke aliyeufinyanga, na liwe mstari wa kwanza. Kabila na wilaya vifuate baadaye.

Nasoma historia ya sanaa, mwaka wa pili, Dar es Salaam. Ada inatoka kwenye mikorosho ya baba, kwa hiyo minada ya korosho naifuatilia kwa karibu kama ninavyofuatilia ratiba ya mitihani. Hosteli tunalala wanne chumba kimoja. Wenzangu wanasoma biashara na sheria, na wamezoea kuniona saa sita usiku nimeinamia simu, maana bando la usiku ni nafuu na picha za michoro ni nzito kufunguka. Napakua moja, naikuza mpaka vidole vya aliyechorwa vijae kwenye kioo, halafu naandika daftarini ninachokiona. Mwalimu wetu hutuambia: kabla ya kusema unafikiri nini, sema unaona nini. Nikipanda basi la alfajiri Mbagala kurudi kusini, jirani yangu wa kiti huuliza nasoma nini. Nikimjibu hunyamaza kidogo, kisha huniuliza kama nitakuwa mwalimu. Mpaka tuvuke Daraja la Mkapa pale Rufiji nakuwa nimeshamweleza habari za wanawake watatu au wanne ambao hajawahi kuwasikia, na mara nyingi ndiye anayeniomba niendelee.

Wa kwanza huwa ni Judith Leyster. Alizaliwa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1609, na mwaka 1633 alipokelewa katika chama cha wachoraji wa mji wake, akawa fundi anayejitegemea mwenye wanafunzi. Alikufa 1660, na baada ya hapo jina lake likapotea. Kazi zake ziliendelea kuuzwa, ila kwa majina ya wengine, hasa la Frans Hals, mchoraji maarufu wa mji huohuo. Mwaka 1893 mtaalamu mmoja, Cornelis Hofstede de Groot, aliutazama kwa makini mchoro uliouzwa kama wa Hals, ambao leo uko makumbusho ya Louvre, Paris. Akaona alama ndogo: herufi J na L zimeshikana, na nyota pembeni. Leyster kwa lugha yao ni nyota ya kuongozea safari. Zaidi ya miaka mia mbili alama ilikuwa palepale kwenye mchoro.

Mwalimu aliiita saini. Mimi moyoni nikasema: nembo.

Siku hizi ukisema nembo watu wanafikiria kampuni au wizara. Kwetu Wamakonde nembo ni chale za urembo. Bibi anazo usoni, alichanjwa akiwa msichana, mistari inayopanda na kushuka shavuni, zikapakwa mkaa zikabaki na rangi ya buluu iliyoiva. Mtungi wake una mistari hiyohiyo shingoni. Aliichora kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi, kisha akasugua udongo mweupe ndani ya mifereji. Upande ulioelekea ukutani weupe bado umo. Upande wa mlangoni umefutika kabisa, kwa sababu huko ndiko mikono yetu sote imepita kila siku tukichota maji. Nimekunywa humo tangu sijui kusoma, na sikuwahi kuona kwamba shingo ya mtungi na shavu la bibi vina mchoro mmoja, mpaka nikaenda kusoma habari za Mholanzi wa karne ya 17.

Ukijitambulisha kuwa unatoka Mtwara na unasoma sanaa, mtu atakutajia vinyago. Ni haki yao, mpingo wetu umefika mbali. Majina nayo yamefika: Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, wa kuchonga mizimu yenye maumbo ya ajabu, miaka ya 1950, na George Lilanga, mtoto wa Masasi aliyefariki mwaka 2005, picha na sanamu zake zimezunguka dunia. Hata pale Mtwara mjini, ukiingia Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, kuta zote zimechorwa, na utaambiwa ni kazi ya padre Mjerumani, Polycarp Uehlein. Majina ya wanaume hawa yameandikwa, na ninafurahi yameandikwa. Lakini kuchonga kulikuwa kazi ya wanaume, na vinyago vya kuvaa ngomani, mapiko, vilichongwa mafichoni ili wanawake wasione. Humo humo kuna kinyago cha kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, tumbo limejaa nembo, na anayekivaa na kukicheza ni mwanamume. Makumbusho ya Ulaya wanavyo hivyo viwiliwili. Kwa hiyo mwili wa mwanamke wa Kimakonde uko makumbusho, nembo zake ziko makumbusho, na yeye mwenyewe hayupo. Jambo hili linaniuma kila nikiona picha hizo.

Watu wa kusini tunamlilia mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin. Tuna haki. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1906, Mjerumani mwingine, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala, akakaa, akaandika, akapiga picha, akaondoka na shehena ya vitu. Aliandika hata jinsi wanawake wa Newala walivyofinyanga. Nilipokutana na habari hiyo maktaba nilisimama nikatoka nje kupunga hewa. Newala, mwaka 1906! Huenda aliyekuwa akitazamwa ni mama mkubwa wa bibi yake bibi. Nani ajuaye, kama kumbukumbu za aina hiyo kawaida hutunza jina la aliyekusanya na kulisahau la aliyetengeneza? Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na hapa hata kigae hakupata.

Katika semina moja mwenzangu alisema mtungi ni ufundi tu, si sanaa. Nilimjibu kwamba neno sanaa lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kazi ya mikono. Hao waliolitenganisha, wakaweka michoro juu na vyungu chini, walifanya hivyo kwao. Mwaka 1971 mwanahistoria wa sanaa Mmarekani, Linda Nochlin, aliuliza kwa nini wasanii wakubwa wanawake hawaonekani, akaonyesha kwamba tatizo halikuwa kipaji, bali milango: kwa karne nyingi shule za sanaa za Ulaya hazikuwaruhusu hata kuchora mwili wa mtu aliye uchi, na bila somo hilo mchoraji hakuhesabiwa mkubwa. Kwetu mlango uliofungwa ulikuwa wa kichaka cha wachongaji. Basi mwanamke akachukua udongo.

Na udongo wenyewe haukuwa karibu. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito, na udongo, kama maji, ulifuatwa bondeni. Bibi anasimulia walivyokuwa wakishuka bondeni gizani kufuata maji na kupanda nayo kichwani jua limeshatoka. Mtungi wake una mdomo mwembamba na shingo iliyobana. Mimi ningeandika kwenye mtihani kwamba ni umbo la kupendeza. Bibi aliniambia ni kwa sababu ukijikwaa pale kwenye mawe, maji yasimwagike. Tangu siku hiyo nikiona umbo zuri najiuliza kwanza lilibeba nini.

Likizo iliyopita nilimpelekea zawadi ya picha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko mnasoma au mnafunga?"

Tukakaa barazani na simu. Nilimwonyesha kwanza Ladi Kwali wa Nigeria, mfinyanzi aliyefariki mwaka 1984, na noti ya naira 20 iliyochapwa picha yake akiwa na chungu. Bibi alikaa kimya, akaisogeza simu karibu na jicho lake zima. "Mfinyanzi? Kwenye hela?" Aliniomba nimrudishie picha ile mara tatu, na jirani alipopita akamwita aje aone. Nikamwonyesha Rosemary Karuga wa Kenya, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, na uzeeni akatengeneza picha kwa vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga. Hiyo hakuipenda sana. Karatasi zinaloa, alisema.

Halafu nikafungua Reinata Sadimba. Huyu ni Mmakonde, amezaliwa mwaka 1945 kijiji cha Nemu, Msumbiji, akajifunza udongo utotoni kama wasichana wengine. Baadaye, kuanzia mwaka 1975, vyungu vyake viliota vichwa, macho, matumbo, watoto wakiwa mgongoni, na nembo kila mahali. Miaka ya 1980 aliishi Tanzania, kisha akarudi kwao na kupata karakana Maputo. Sikumwambia bibi lolote kati ya hayo. Aligusa kioo kwa ukucha, akafuata mistari ya shavu la sanamu, akasema: "Huyu wa ng'ambo ya Ruvuma. Wale wanaipeleka mistari hivi. Sisi hivi." Akachora namna zote mbili mchangani kwa kidole cha mguu.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuuliza miaka yote: anaweza kumjua aliyefinyanga kwa kutazama chungu tu? Alinishangaa. Alisema kwani mimi siwezi kujua mwandiko wa rafiki yangu?

Kesho yake tulitoka na daftari. Nyumba ya tatu tulikuta mtungi uliovunjika mdomo, kuku wanaunywea maji. Bibi aliinama akaupangusa matope kwa ncha ya kanga. Akataja jina. Akasema marehemu huyo hakuwa na haraka, tazama anavyomaliza mstari pale ulipoanzia, usione pa kuungia. Mwenye nyumba, kijana wa umri wangu, alikuwa hajui kwamba huo ni mkono wa bibi yake mzaa mama. Aliwahamishia kuku sufuria, akaubeba mtungi akauingiza ndani. Kwa siku mbili tulipata majina kumi na moja. Yote ya wanawake, tisa wameshafariki. Kila moja nimeliandika pamoja na mchoro wa nembo ya mwenyewe, na bibi akaukagua mchoro wangu na kunirudisha nilipokosea.

Majina hayo siyaandiki hapa, kwa kuwa wenyewe na jamaa zao waliniruhusu kuyaweka kwenye daftari, si gazetini. La bibi pia alikataa. "Gazeti linafungiwa maandazi," alisema. "Liandike kwenye mtungi." Nimeliandika kwa penseli, chini, pale panapokaa mchangani, na nembo yake pembeni.

Nilimweleza habari za swali lenu na kwamba mtungi huenda ukaondoka siku moja. Amekubali, na sharti la jina amelipenda. Ila anataka mnijulishe mapema, kwa sababu maji ya ndoo ya plastiki hayapendi, na anayejua kumfinyangia mwingine kwa mkono anaoutaka ni mmoja tu kati ya wale wawili walio hai. Yuko kijiji cha chini, bondeni. Mwezi wa kumi na mbili nikirudi tutashuka kwake na daftari, kama magoti ya bibi yataruhusu.