Kabla Hujalipia Safari ya Meli ya Kitalii, Jiulize Unamfuata Nani

Shangazi yangu mkubwa ni mzaliwa wa Mkoani, Pemba. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi, hakuwahi kutia mguu kwenye chombo cha majini. Usiku ule alipoteza majirani wawili. Kila akitoka Coventry kwenda kwao hukata tiketi ya ndege ndogo mpaka Chake Chake, hata fedha zikiwa zimembana. Ndiyo maana siku aliyonipigia simu na kuniambia, "Mwanangu, mdogo wangu wa Muscat anataka tukutane kwenye meli ya kitalii, utanipeleka?" nilimwomba arudie.

Nilimpeleka. Ilikuwa Aprili 2025, usiku saba: tulipandia Barcelona, Hispania, tukapita Marseille ya Ufaransa, Genova, Napoli na Messina za Italia, na Valletta ya Malta, kisha siku nzima baharini hadi Barcelona tena. Mimi na shangazi mkubwa tulilala chumba kimoja, shangazi mdogo na bintiye chumba cha pili. Tangu nirudi naulizwa, hasa na Waswahili wenzangu wa huku Uingereza wanaoona yale matangazo ya bei nafuu, kama safari ya namna hii inafaa. Nami nauliza kwanza: unakwenda kukaa na watu wako, au unakwenda kuuona mji? La kwanza meli inakupa kwa ukamilifu. La pili inakuonjesha tu.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo lililoniuma. Napoli meli inafunga gati mjini kabisa. Ukivuka barabara umeshaikuta ngome ya Castel Nuovo. Niliwaacha wazee wanakunywa chai, nikapanda mpaka vichochoro vya Quartieri Spagnoli. Nguo zimeanikwa juu, dirisha kwa dirisha, pikipiki zinapita huku watu wamekaa vitini mlangoni, na mimi moyo uko Mji Mkongwe. Mama mmoja akashusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu, muuza mboga akamtilia nyanya na mkate, kikapu kikapanda. Nilisimama pale kama mtoto. Yule muuza mboga akanipa chungwa, akanionyesha kwa vidole namna ya kulinusa kwanza kabla ya kulimenya. Tulikuwa ndiyo tunaanza kuelewana nilipotazama saa: saa tisa na nusu, na mwisho wa kurudi melini saa kumi na nusu. Nikaondoka na chungwa langu mkononi.

Mimi nikisafiri hupenda kuzoea duka moja, nirudi kesho yake muuzaji anijue. Kwa meli hakuna kesho yake. Kesho uko Messina. Kama nawe ndivyo ulivyo, utaumia kila siku ifikapo alasiri, na bufe ya usiku haitakuliwaza.

Tena Napoli ina nafuu. Marseille gati la meli kubwa liko mbali na Vieux-Port, bandari ya kale iliyo katikati ya mji, unapanda basi la kulipia kwenda na kurudi. Na ukiona tangazo limeandika "Roma", jua bandari yenyewe ni Civitavecchia, kiasi cha kilomita 70 kutoka Roma, kwa hiyo saa zako nyingi zitaishia njiani. Kabla ya kulipa, fungua ramani, tazama kila bandari iko umbali gani na mji unaoutaka, kisha uhesabu saa za kukaa nchi kavu peke yake. Ukichelewa hawakusubiri. Saa wanayokupa ni ya kuwa umeshaingia melini, si ya kufika langoni.

Sasa wazee wangu. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Shangazi mkubwa goti lake la kulia halimsaidii tena ngazi. Hoteli tatu ndani ya wiki moja asingeziweza, wala stesheni za treni na mabegi. Melini alipanga nguo zake kabatini mara moja, akalala kitanda kimoja usiku zote saba, na lifti ikampeleka kila mahali. Wawili hao walijichagulia kibenchi kimoja upande usiopigwa na upepo, wakakihamia. Asubuhi unawakuta pale, jioni pale, wanasema Kipemba kile cha kwao ambacho hata mimi huachwa nyuma, wanacheka mpaka wanajifuta machozi kwa ncha za mitandio. Genova hawakuteremka kabisa. Nilikasirika kidogo, nikaona wanapoteza mji. Nilikuwa nimekosea: wao hawakuja kuiona Genova.

Valletta waliteremka. Shangazi mdogo, ambaye Kiarabu ndicho lugha yake ya sokoni, alimsikia muuzaji akihesabu: wieħed, tnejn, tlieta. Akashtuka, akamjibu kwa Kiarabu cha Oman. Akauliza mkate, akaambiwa ħobż. Kimalta kina asili hiyo hiyo ya Kiarabu, na mbele ya meza ile ya mikate walikaa nusu saa wakipeana maneno. Ile ndiyo safari yake. Mengine yote hakuyasimulia alipofika Muscat.

Kwa hiyo ukoo uliotawanyika, mmoja Muscat, mmoja Toronto, mmoja Birmingham, na ndani yake mna mzee asiyeweza kutembea sana: hapo nakwambia bila kusita, nendeni. Hakuna anayepika, hakuna anayeosha vyombo, na hakuna anayeaga saa mbili usiku kwa sababu anakaa mbali.

Kuhusu woga wa bahari, sitausema kijuujuu. Siku ya kupanda kuna mafunzo ya dharura ambayo kila abiria lazima ayafanye kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kanuni hiyo ilikazwa baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32; baadhi ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajaonyeshwa chochote. Wengi hupita mafunzo haya wakitazama simu. Shangazi aliuliza kila kitu: mashua za kuokolea ni ngapi, za watoto jaketi ziko wapi, tukikutwa usingizini tunapita ngazi ipi. Baharia akamchukua kwa mkono, akamwonyesha mashua yetu yenyewe na namba yake. Alipotoka pale, uso ulikuwa umetulia. Ukisafiri na mtu mwenye woga kama huu, usimwambie "meli hizi ni kubwa, hazina neno". Mpeleke akaone mwenyewe.

Usiku ule ule wa kwanza tukapata mistral. Ni upepo wa kaskazini unaoshuka bonde la Rhône na kuichafua ghuba iliyo kati ya Marseille na Hispania, na mtu wa pwani akitaka kuufahamu aikumbuke kusi ya Julai mkondo wa Nungwi. Hapo kosa langu likanidhihirikia. Nilikuwa nimelipa zaidi tupate chumba cha juu, mbele kabisa, chenye roshani. Mbele na juu ndiko meli inakopanda na kushuka zaidi. Vitundikia nguo viligongana kabatini usiku kucha, glasi ya maji ikateleza mezani kutoka ukingo huu hadi ule, nami nilitapika mara tatu. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hakitikisiki sana hivyo na mara nyingi bei yake ni rahisi zaidi. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla, si baada. Shangazi alinishika mkono mpaka alfajiri, akisoma nyiradi zake. Yeye hakutapika.

Fedha. Tangazo lilisema pauni 620 kwa mtu. Ongeza bakshishi ya lazima, euro 12 kwa siku; ndege ya kwenda na kurudi Barcelona, 140; usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda, maana ndege ikichelewa siku ile ile umeikosa meli; ada ya viza euro 90; intaneti; mabasi ya bandarini; bima. Nilipojumlisha ilikuwa zaidi kidogo ya pauni 1,100. Ukisafiri peke yako hali ni ngumu zaidi, kwani mara nyingi utatozwa karibu bei ya watu wawili kwa chumba kimoja. Na simu yako iweke hali ya ndege tangu mnapotoka bandarini, la sivyo itashika mtandao wa meli nawe utalia bili ikifika.

Sisi wenye pasipoti za Tanzania na Kenya viza ndiyo inayoamua kabla ya yote. Njia yetu ilikuwa ya nchi za Schengen tupu, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, tukaomba kwa Italia kwa kuwa ndiko tulikotia nanga mara nyingi, bandari tatu. Lakini njia ikipitia Tunisia au Uturuki katikati, umetoka Schengen na unarudi. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, na langoni watakukatalia kupanda. Pata viza kwanza, au lipia tiketi inayorudishwa fedha.

Nyama ya meli yetu haikuwa halali, na sosi nyingi zilikuwa na mvinyo. Tuliandika ombi wakati wa kukata tiketi, na usiku wa kwanza mhudumu mmoja kutoka Indonesia alitusalimia "Assalamu alaikum", akawa kila siku anatunong'oneza supu ipi tuiepuke. Tulikula samaki, mayai na mboga, hatukupungukiwa. Kibla tulikitafuta kwenye televisheni ya chumbani, yenye ramani inayoonyesha meli imeelekea wapi. Dira ya simu ndani ya chuma kile ilikuwa inazunguka tu.

Wazee wameshapanga ya pili, Southampton hadi fiodi za Norwei, zile ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima, na safari hii shangazi mkubwa ndiye aliyechagua chumba: katikati, chini. Mimi nimewaambia nitawasindikiza mpaka gatini. Nimekata tiketi yangu ya ndege ya Napoli, siku sita, chumba cha kupanga kule kule kwenye vikapu.