Mtoto huyo hajarogwa, aliumia kichwa

Juzi nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Busia, hapa Uganda. Mwanawe alianguka kutoka kwenye bodaboda miaka mitatu iliyopita, akazimia, akazinduka, wakarudi nyumbani. Sasa yuko darasa la sita, anasahau alichosoma jana, na hasira zake zinatisha. Majirani wanasema amerogwa. Dada yangu, nimeusoma mara tatu, nikalia.

Mimi nilianguka kutoka juu ya mwembe Arua, mwaka 1994, nina miaka minane. Sikujitambua hadi jioni. Bibi aliniombea dua, na baada ya wiki nikarudi shule. Hakuna aliyelitaja tena.

Kuanzia hapo nikawa "mzembe". Nikitumwa chumvi na sabuni, narudi na chumvi. Nilichapwa kwa kusahau hesabu nilizozijua asubuhi. Kelele za darasani zilinipasua kichwa. Baba aliniita mjinga mbele ya wageni, na hadi anafariki hakuwahi kuniambia pole. Hilo bado linaniuma.

Kifafa kilinishika mara ya kwanza nikiwa na miaka 19. Daktari akauliza, "Uliwahi kuumia kichwa?" Miaka kumi na moja, na huyo ndiye wa kwanza kuuliza! Akanieleza kwamba kovu kwenye ubongo linaweza kuleta kifafa hata miaka mingi baadaye, na kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayotawala subira na mipango, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana mtoto huonekana mzima, kisha masomo yakiwa magumu kasoro inajitokeza.

Nilianza vidonge, kifafa kikatulia. Mwaka huu nimepata diploma yangu ya ualimu. Ndiyo, yule mjinga.

Sasa wewe, dada. Watoto wengi wanaogonga kichwa hupona vizuri, kwa hiyo usikate tamaa, lakini mpeleke hospitali ya rufaa na utaje ajali ile, tarehe yake na muda aliozimia. Wakikuelekeza kliniki ya afya ya akili usione aibu. Kwetu Uganda kifafa nacho hutibiwa huko. Nyumbani mtume kitu kimoja kimoja, mpe daftari, alale mapema. Mwalimu mkuu aulizie UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kuhusu muda wa ziada kwenye mtihani wa darasa la saba.

Na mtoto akigonga kichwa leo, akatapika tena na tena, akasinzia hata haamki vizuri, au akatokwa na majimaji puani au masikioni, usingoje asubuhi.

Walimu wenzangu, wekeni fimbo chini. Sheria ya watoto ilikataza viboko shuleni tangu 2016, na hakuna kiboko kinachorudisha kumbukumbu. Mnampiga mgonjwa! Wazazi, mkipanda boda na mtoto, helmeti yake iko wapi?

Dada, akishaonwa na daktari, niandikie.